Jinsi ya kuhifadhi majani ya chai nyumbani Tanga: mwongozo kamili

Mkoa wa Tanga unalima chai. Amani, Bulwa na Kwamkoro upande wa Muheza, Ambangulu kule Korogwe, Mponde na Balangai katika milima ya Lushoto na Bumbuli, kote huko mashamba yapo. Amani ndiko Wajerumani walikoanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na chai ilikuwa miongoni mwa mimea waliyoijaribu. Hata hivyo, huku chini mjini, ukikaribishwa chai unaweza kupewa kitu chenye rangi nzuri kisicho na harufu wala makali ulimini. Sukari ndiyo inayofanya kazi yote. Halafu watu wanasingizia majani, ati siku hizi ni mabovu. Mara nyingi yalitoka kiwandani mazima; yameharibikia jikoni.

Na hapo jikoni kinachoyaharibu si umri. Majani makavu yaliyofungwa vizuri hukaa mwaka mzima na zaidi bila neno. Kinachoyaharibu ni kopo kufunguliwa ovyo kila siku, mahali pasipofaa, katika hewa hii yetu ya pwani. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa inarudi kwenye jambo hilo.

Ujue kwanza unapambana na nini

Majani yakitoka kwenye kikaushio cha kiwanda yana unyevu wa takribani asilimia 3 tu. Ni makavu kuliko karibu kila kitu kilichomo jikoni mwako. Ukiyaacha wazi yanavuta maji kutoka hewani mpaka yalingane na hewa iliyoyazunguka, na hewa ya Tanga unaijua: alfajiri unyevu wake hupita asilimia 80 mara nyingi, chumvi mezani inatoka maji, biskuti iliyosahauliwa wazi usiku asubuhi imelegea. Majani nayo yanapitia yaleyale, ila hayajionyeshi upesi. Yakifikia asilimia 7 au 8 ladha inaporomoka haraka. Yakizidi hapo sana, kuvu inapata pa kuota.

Unyevu ndio mkubwa wao, lakini hauko peke yake. Hewa inaendelea kuyachosha majani polepole hata yakiwa makavu. Joto linaiharakisha kazi hiyo. Mwanga wa jua unapausha rangi na kuleta ladha ya karatasi kuukuu. Chai yetu nayo ina udhaifu wake: sehemu kubwa ya inayouzwa madukani ni ile iliyokatwakatwa na kuviringishwa ikawa chembe ndogondogo, inayotoa rangi mara tu ikigusa maji. Chembe ndogo zina eneo kubwa la kukutana na maji, ndiyo maana rangi inatoka upesi. Eneo hilohilo ndilo linalokutana na hewa. Chai ya majani marefu yaliyosokotwa huvumilia kidogo zaidi.

Mwisho kuna harufu, na hapa Tanga nisingeipita haraka. Majani ya chai hunywa harufu ya chochote kilicho karibu. Wachina wa Fuzhou wameufanyia biashara udhaifu huo: wanachanganya majani na maua mabichi ya asmini, wanayaacha usiku kucha yanywe harufu, kisha wanayatoa maua na kuyakausha majani upya kwa sababu yamekwisha kuvuta maji ya maua. Chai ya asmini ni tamu. Lakini majani hayachagui. Yaliyoweza kunywa asmini yatakunywa pia ng'onda, kitunguu saumu, sabuni ya unga na mafuta ya taa.

Hatua ya 1: nunua kinachokutosha mwezi mmoja

Hifadhi nzuri inaanzia dukani. Piga hesabu ya nyumba yako. Kijiko cha chai kimoja cha majani ya chembe ni takribani gramu 2. Nyumba inayochemsha asubuhi na jioni, vijiko vinne kila mara, inatumia gramu 16 kwa siku. Pakiti ya gramu 250 itakwenda wiki mbili na ushei, ya nusu kilo itakwenda mwezi. Huo mwezi ndio ninaouona kikomo cha pakiti iliyofunguliwa hapa pwani kama unataka chai ibaki chai. Miezi miwili bado inanyweka. Mtu wa Lushoto anaweza kunicheka, lakini yeye hewa yake ni nyingine.

Anayeishi peke yake asione haya kununua vile vipakiti vidogo. Kwa gramu unalipa zaidi, ni kweli, lakini kila kimoja kimefungwa mpaka siku unayokifungua, na hilo kopo lako haliwezi kukufanyia.

Ukiwa dukani, angalia tarehe ya kutengenezwa kabla ya ile ya kuisha muda. Majani meusi ya pakiti mara nyingi hupewa miaka miwili. Yaliyobakiza miezi mitatu hayana sumu, ila yamekwisha kuchoka. Minya pakiti kidogo: ikiwa inapumua, yaani hewa inatoka kwenye mshono, iache. Tazama pia ilipokaa. Zile za mbele, zinazopigwa na jua kutoka mlangoni, utaziona rangi ya karatasi imepauka upande mmoja. Uliza tu:

"Ami, hizi pakiti ulizipokea lini?"

"Za mbele hizo za siku nyingi, mwanangu. Ngoja nikupe za ndani."

Muuza duka wa mtaani anajua, ukimuuliza atakwambia. Usisahau kutazama jirani wa hiyo pakiti kwenye rafu. Maduka yetu ni madogo. Majani yanakaa ubavuni mwa sabuni na dawa ya mbu, na chini yake kuna gunia la dagaa. Pakiti ya karatasi tupu isiyo na ngozi ya ndani haizuii harufu hizo. Yenye utando wa foili ndani inazuia vizuri.

Majani ya kupima yaliyofungwa kwenye gazeti yana taabu mbili: gazeti linapitisha unyevu, na wino wake unanuka. Kama ndiyo unayoyapenda, nenda na kopo lako mkononi upimiwe humohumo.

Hatua ya 2: chagua makopo mawili

Ndiyo, mawili: moja kubwa la akiba na moja dogo la kila siku. Hapo ndipo penye siri yote. Kila ukifunua kopo, hewa kavu iliyokuwa ndani inatoka na hewa ya Tanga inaingia. Nyumba inayochemsha chai mara mbili kwa siku inafunua kopo mara sitini kwa mwezi. Ukiwa na kopo dogo linalochukua majani ya siku tano hadi saba, hizo mara sitini zinaliangukia dogo, na kubwa linafunuliwa mara nne hadi sita tu.

Kwa kopo kubwa, sijaona kinachoshinda kopo la bati la maziwa ya unga la gramu 400. Halipitishi mwanga, halipitishi harufu, linameza pakiti ya gramu 250 pamoja na mfuko wake, na limekwisha lipiwa. Kasoro yake ni kifuniko cha plastiki, ambacho kikizeeka kinalegea. Makopo ya chuma kisichoshika kutu yenye mpira kwenye kifuniko ni mazuri zaidi ukiweza kuyapata. Chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza inafaa pia, mradi ikae ndani ya kabati lenye giza. Ile chupa ya kioo inayopangwa juu ya meza ili wageni waone majani inapendeza macho tu.

Plastiki naikubali shingo upande. Kopo jipya la plastiki nene, linalofunga kwa kubana pande nne, ni sawa. Lililowahi kutiwa achari, bizari au vitunguu, hata ulisugue kwa mchanga, harufu haitoki. Na vifuniko vya mbao vya mapambo, vile vinavyokaa tu juu bila kubana, viweke kwenye mapambo.

Kopo dogo liwe dogo kweli, la kujaa karibu na ukingo. Nafasi tupu juu ya majani ni hewa, na hewa hiyo ndiyo inayobeba unyevu.

Hatua ya 3: lijaribu kopo kabla ya kuliamini

Tia kipande cha tishu kavu ndani ya kopo, lifunike, kisha lizamishe lote kwenye ndoo ya maji na ulishikilie hapo dakika moja. Ukiona mapovu yanatoka mfululizo kwenye ukingo, hewa inapita. Litoe, lifute nje vizuri pamoja na ukingo, fungua na uguse ile tishu. Ikiwa kavu, umepata kopo. Ikiwa imelowa, usilitupe. Kata kipande cha mfuko safi wa nailoni, kilaze juu ya mdomo wa kopo, kisha kandamiza kifuniko juu yake. Mara nyingi mwanya unakwisha. Rudia jaribio uhakikishe.

Baada ya jaribio lianike kopo la bati papo hapo. Hewa yetu ina chumvi, na ukingo wa bati ukibaki na maji unashika kutu haraka. Kutu nayo ina harufu.

Hatua ya 4: liondolee harufu yake ya zamani

Osha kwa maji ya moto na sabuni kidogo, suuza, kisha lijaze maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha magadi soda au siki na uliache saa kadhaa. Suuza tena, futa, anika juani likiwa wazi, kifuniko pembeni. Likishakauka lirudishe ndani lipoe kabisa. Kopo la moto likitiwa majani na kufunikwa linapopoa linatoa matone ndani.

Kisha lifunike tupu, lilale hivyo usiku mmoja. Asubuhi lifungue huku pua ikiwa karibu na mdomo wake. Ukisikia maziwa au sabuni, rudia. Ukikosa harufu kabisa, liko tayari.

Nyumba zetu hufukizwa udi na ubani, hasa Alhamisi jioni na Ijumaa, na wapo wanaopenda kufukiza hata mitungi ya maji. Kopo la chai liepushe na jambo hilo. Wakati chetezo kinapitishwa vyumbani, hakikisha limefungwa. Moshi wa udi ukiingia mara moja utaunywa mpaka kopo liishe.

Hatua ya 5: jaza wakati wa hewa kavu

Usifungue pakiti mpya alfajiri au usiku wa mvua. Subiri mchana, jua limepanda na upepo unavuma, saa sita hadi saa tisa hivi. Wakati huo unyevu wa hewa uko chini kabisa kwa siku nzima. Na jiko liwe limezimwa.

Ikiwa pakiti ina utando wa foili, usiyamwage majani. Kata pembe moja tu, chota ya kopo dogo, kisha toa hewa kwa kuukandamiza mfuko taratibu, ukunje mdomo mara tatu, ubane kwa kibanio cha nguo na uuingize mfuko mzima ndani ya kopo kubwa. Sasa una kinga mbili. Ikiwa pakiti ni ya karatasi tupu, hamishia majani kwenye mfuko safi wa zipu kwanza, toa hewa, kisha ndani ya kopo.

Bandika kipande cha selotepu juu ya kifuniko na uandike tarehe ya kufungua. Yaliyobaki ya zamani usiyachanganye na mapya. Wengi wanamwaga mapya juu ya mabaki ili kopo lijae, na chini kabisa kunabaki majani ya mwaka jana yanayoyaambukiza mengine harufu yake. Maliza ya zamani, futa kopo kwa kitambaa kikavu, ndipo uanze upya.

Hatua ya 6: tafuta mahali

Mitaa ya Ngamiani, hapa mjini Tanga, nyumba nyingi zina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na jiko uani nyuma. Watu wanaweka majani uani kwa sababu ndiko yanakotumika. Uani kuna moshi, mvuke, umande wa usiku na kamba ya kuanikia. Kopo kubwa lipeleke ndani, kwenye kabati la vyombo lililo ukumbini au chumbani, kimo cha kiuno hadi bega, mbali kidogo na ukuta wa nje. Kuta za zamani za mawe na chokaa hutoa jasho wakati wa masika, na kopo la bati lililoegemea ukuta huo linapoa na kuvuta maji.

Wenye jiko la ndani waepuke kabati lililo juu ya jiko la gesi. Mvuke na joto vyote vinapanda huko. Juu ya friji napo hapafai, kuna joto la mashine muda wote. Kabati lenye bizari, kitunguu saumu au sabuni hapana. Dirishani hapana.

Ndani ya friji je? Kwa majani meusi, usihangaike. Soda baridi ukiitoa hapa Tanga inatoka jasho kabla hujaifungua. Majani baridi yakikutana na hewa hiyohiyo yanalowa vivyo hivyo, na humo ndani yalikuwa yamelala na samaki. Friji ina nafasi yake kwa chai ya kijani peke yake, nitaigusa mbele kidogo.

Hatua ya 7: namna ya kuchota

Hapa ndipo ningeomba usome polepole, maana kopo zuri na kabati zuri vyote vinaweza kuharibiwa na sekunde kumi za kila asubuhi.

Tazama mtu anavyotia majani. Maji yanachemka, mvuke unapanda mweupe. Anachukua kopo, analifunua, analiinamisha juu ya sufuria na kuligongagonga kwa kidole mpaka aone yametosha. Kwa muda wote huo mdomo wa kopo umetazama mvuke. Mvuke unaingia, unagusa bati baridi, unageuka maji. Kisha anafunika haraka, na unyevu umefungiwa ndani. Ukipitisha kidole ndani ya ukingo wa kopo la namna hiyo utakuta gamba jeusi, majani yaliyoganda yakashikana na bati. Hilo gamba ndilo ushahidi.

Fanya hivi badala yake. Kabla hujawasha jiko, chota majani yako kwa kijiko kikavu, yatie kwenye kikombe au kisahani, funika kopo, lirudishe mahali pake. Maji yakichemka, unamimina kutoka kwenye kisahani. Ni hivyo tu. Kama umesahau na maji yamekwisha chemka, ondoka na kopo hatua mbili tatu kutoka jikoni, chotea huko.

Kijiko kiwe na makao yake, nje ya kopo, na kisifanye kazi nyingine. Kijiko kilichokoroga chai kina maji. Kilichochota sukari kina sukari, na sukari huita sisimizi na kuvuta unyevu. Mkono uliotoka kuosha vyombo usiingie koponi hata kidogo. Watoto wanaoanza kujifunza kupika chai wafundishwe hili mapema, watalishika kuliko watu wazima.

Masika yakiingia

Kuanzia Machi mwishoni mpaka Mei, nunua pakiti ndogo kuliko kawaida yako. Kopo dogo litie majani ya siku tatu badala ya saba. Kopo kubwa lifunguliwe siku yenye jua tu, na siku zipo, hata masika hunyamaza.

Watu huuliza kuhusu kutia mchele ndani ya kopo ili ufyonze maji. Mchele mkavu unafyonza kidogo, lakini mchele wa dukani nao umekwisha kuvuta unyevu wa Tanga, kwa hiyo unaweza kuwa unapeleka maji badala ya kuyatoa. Mkaa unafyonza harufu na unyevu, ila vumbi lake litaingia chaini. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba havikutengenezwa vikae na chakula, na hujui vimekwisha kushiba kiasi gani. Ningeweka nguvu kwenye kifuniko kinachobana na kuviacha hivyo vyote.

Kukagua: utajuaje yamechoka

Mimina kidogo kwenye kiganja kikavu na uyatikise. Majani mazima ya chembe yanateleza yakitoa mlio mkavu, na kiganja kinabaki safi. Yaliyovuta maji yanashikana, yanabaki kwenye mistari ya kiganja. Kwa majani marefu, vunja moja: kavu linakatika kwa mlio, lililolegea linakunjika.

Kisha pua. Funika majani kwenye kiganja, yapulizie pumzi yenye joto mara moja, nusa hapohapo. Joto la pumzi linaamsha harufu iliyobaki. Ukisikia chai, vizuri. Ukisikia karatasi, boksi au vumbi, yamechoka. Ukisikia ukungu wa nguo zilizokaa sandukuni, usiendelee.

Kama bado una shaka, onja kama wanavyoonja wataalamu: kipimo chao ni gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, bila sukari wala maziwa. Nyumbani ni kijiko kimoja kwenye kikombe kidogo kilichofunikwa. Pika kikombe cha majani yako na kingine cha pakiti mpya, onja kimoja baada ya kingine. Yaliyochoka yanatoa rangi kama kawaida. Kinachopotea ni ule mshiko unaokausha ulimi kidogo, pamoja na harufu inayopanda na mvuke. Kwa hiyo usitegemee rangi peke yake.

Kuyaokoa, na yasiyookoleka

Majani yaliyovuta unyevu kidogo, hayana kuvu wala harufu mbaya, yanaweza kukaushwa. Fanya mchana. Pasha kikaango safi kisicho na harufu ya mafuta mpaka ukiweka kiganja juu yake bila kugusa unahisi joto, kisha zima moto. Mwaga majani, yatandaze yawe utando mwembamba, geuza kwa mwiko mkavu kwa dakika tano hivi. Yakianza kutoa harufu ya kuungua umezidisha. Yamwage kwenye sinia kavu, yafunike kwa kitambaa chepesi, yakishapoa tu yarudi kwenye kopo lililokaushwa, maana ukiyasahau hapo yataanza kuvuta maji upya. Usiyaanike juani; jua litakausha maji na kuondoka na harufu. Majani yaliyookolewa hivi yatumie mwanzo, kwa chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, ambako upungufu wake hautaonekana sana.

Yenye kuvu tupa yote, hata kama umeiona pembe moja tu. Utando mweupe au wa kijani, nyuzi kama za buibui kati ya chembe, harufu ya uvundo: ikitokea moja kati ya hizo, tupa. Kuchemsha si dawa hapa, kwa sababu sumu za baadhi ya kuvu hazivunjiki kwa moto wa jikoni. Hayo usiyamwage kwenye sinki yakaziba bomba, yafukie bustanini. Yaliyonywa harufu ya samaki au sabuni nayo hayarudi. Hayana madhara, lakini nani atayanywa.

Viungo, chai ya kijani na vifuko

Tanga ni nchi ya iliki na mdalasini, na wengi wanapenda kuvitia viungo ndani ya kopo la majani ili chai inukie yenyewe. Inawezekana, kwa masharti. Fanya kwenye kopo dogo tu, kamwe si la akiba. Iliki iwe nzima, imekauka mpaka ganda linapasuka ukilibana. Punje tatu nne kwa kopo dogo zinatosha. Mdalasini una nguvu, baada ya siku chache utausikia peke yake. Tangawizi mbichi, mchaichai mbichi na asmini mbichi visiingie hata kwa saa moja, vina maji. Mchaichai mkavu na choya vihifadhi kwa njia hizihizi, lakini kila kimoja na kopo lake.

Chai ya kijani inachoka upesi kuliko nyeusi. Ukinunua nyingi, pakiti ambazo hazijafunguliwa zinaweza kukaa kwenye friji zikiwa ndani ya mfuko wa zipu na kopo. Siku ya kufungua, toa pakiti jioni, iache mezani ikiwa imefungwa mpaka asubuhi ipate joto la chumba, ndipo uikate. Ukishaifungua isirudi tena baridi.

Chai ya vifuko vya karatasi inachukuliwa kuwa haina haja ya kutunzwa. Boksi lake ni karatasi na vifuko vyenyewe ni karatasi, na ndani mwake mna chembe ndogo kuliko zote. Ukichana ule utando wa nailoni wa nje, vihamishie kwenye kopo siku hiyohiyo.

Majani mengi kwa mpigo

Kuna nyakati kilo mbili tatu zinaingia nyumbani pamoja: ndugu ameteremka kutoka Amani na mfuko, au mmenunua kwa ajili ya shughuli. Mfuko wa kutoka mlimani mara nyingi umesafiri kwenye gari pamoja na ndizi, magimbi na iliki, kwa hiyo unuse kwanza kabla ya kuufungia. Ukiwa mzima, gawa siku ya kwanza, mchana, vifurushi vya robo kilo kwenye mifuko ya zipu, toa hewa, andika tarehe, vyote ndani ya ndoo kavu yenye kifuniko cha kubana. Fungua kifurushi kimoja kimoja. Ukiutumia mfuko mzima kwa kuchota, majani ya mwisho utayanywa yamechoka.

Mabaki ya shughuli ni jambo jingine. Mfuko uliokaa wazi usiku kucha wakati wa maulidi au arusi, pembeni ya masufuria makubwa yanayotoa mvuke, umekwisha kunywa maji na harufu ya pilau. Usiuweke akiba. Wagawie majirani na waliosaidia kupika asubuhi ileile, kila mmoja apate ya wiki moja, na uwaambie wayatumie haraka.